Mume Wangu Anashibia Wapi

Mliokuwa nami wiki iliyopita mliniacha chumbani, nimekumbatia shati la mume wangu, nalinusa kama mbwa wa polisi. Kwa aliyekosa, nitamfupishia: Baba Pacha alikuwa hali tena nyumbani. Kila jioni narudi kazini nimechoka, napika, napakua, naweka mezani, naye anapangusa mdomo usio na kitu na kusema, "Nimeshiba, mke wangu." Ameshiba wapi? Hasemi. Ameshibishwa na nani? Hapo ndipo anapokumbuka kwenda kuoga.

Sahani yake nilikuwa naila mwenyewe kwa hasira, ndiyo maana sketi zilianza kunibana.

Na lile shati lilinukia vitunguu.

Manukato ya kike ningeyaelewa. Manukato mtu anaweza kuyaokota popote, hata kwa kukaa karibu na mtu asiye na kiasi. Lakini vitunguu vilivyokaangwa kwa siagi vikaiva taratibu, na kitunguu saumu juu yake? Mume wangu ni fundi wa lifti. Anapaswa kurudi na grisi. Mwanamke anayempikia mume wa mtu mpaka harufu inaingia kwenye mishono ya shati, huyo hachezi. Huyo amekuja kukaa.

Kesho yake, kabla ya chakula cha mchana, Wifi akanipigia simu. Wifi ni dada yake Baba Pacha, kitinda mimba wao. Anasuka nywele mtaa wa pili kutoka kazini kwangu, na pale kibarazani kwake hakuna apitaye asimwone.

"Wifi, umekaa au umesimama?"

"Nimebeba trei. Sema."

"Iweke chini kwanza hiyo trei."

Nikaiweka. Mimi ni mhudumu kwenye ukumbi wa mikutano. Nawapelekea watu chai na chakula huku wakijadili mambo yasiyonihusu, na katika miaka yote hiyo sijawahi kumwagia mtu hata tone.

"Nimemwona kaka anaingia kwenye ule mgahawa mpya, ule ulio chini ya jengo la bima. Kaingia kwa mlango wa nyuma."

"Wa nyuma?"

"Wa nyuma, Wifi. Na ufunguo kautoa mfukoni mwake."

Mteja haingii mgahawani na ufunguo. Mwenye ufunguo ni mwenye mahali, au ni mtu wa mwenye mahali.

"Nisubiri hapo hapo," nikamwambia. "Tunakwenda kula."

Niliondoka na sare zangu za kazi, blauzi nyeupe na sketi nyeusi na viatu bapa, bila hata kuaga vizuri. Wifi alikuwa ameshajipaka rangi ya mdomo. Nilimuuliza anakwenda harusini au anakwenda kumfumania kaka yake. Akasema kufumania nako watu wanatazama.

Nilitamani nikute inzi. Hapakuwa na inzi. Palikuwa pasafi, viti vipya, vioo vinang'aa, maua mezani, na ile harufu, ile ile ya shatini, imejaa ukumbi mzima. Nikameza mate bila kutaka, na nikajichukia kwa kumeza.

Tukakaa. Tukakaa sana.

Alikuwepo mhudumu mmoja tu, msichana mwenye kucha ndefu kiasi kwamba glasi alikuwa anaishika kwa viganja. Nilimwita Kucha moyoni, na nitaendelea kumwita hivyo.

"Dada, samahani," nikasema.

"Nakuja," akasema, huku akienda upande mwingine.

Alipokuja, alikuja mikono mitupu.

"Menyu?" akauliza Wifi.

"Menyu wanayo wale pale. Wakimaliza kuisoma nitawaletea."

"Iko moja?"

"Zilikuwa mbili."

Nikamwambia atuletee kuku na wali, na maji. Maji nikayarudia. Kucha akaenda ukutani mwishoni mwa ukumbi, kwenye kidirisha cha kupitishia chakula kilichofungwa pazia zito, akapaza sauti, "Kuku wawili!" kisha akaegemea hapo hapo kutazama simu yake. Meza ya jirani baba mmoja alikuwa anapunga mkono kama anayeaga meli. Mama mwingine alikuwa amesimama, anajiokotea vijiko mwenyewe kabatini. Watu walikuwa wananung'unika, lakini hakuna aliyekuwa anaondoka, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

Baada ya muda mrefu zikaja sahani mbili za samaki.

"Sisi tuliagiza kuku," nikasema.

"Kuku wenu wamepewa wale wa dirishani."

"Na samaki hawa?"

"Wa wale wa dirishani. Wameshaanza kula, nitawanyang'anya? Kuleni tu, mama, jiko ni moja."

"Sasa mwanangu, si unaingia jikoni unamwambia mpishi?"

"Jikoni haturuhusiwi." Akashusha sauti, akaona raha ya kupata msikilizaji. "Tunapigia kelele pazia. Kinachotoka ndicho hicho. Ukiuliza, hujibiwi. Ndiyo maana wenzangu wote wameacha kazi, nimebaki mimi, na leo nimeambiwa analetwa mwingine. Akija tu, na mimi naondoka."

Maji hakuleta.

Nikamtazama yule samaki kwa chuki. Niliomba awe mbichi. Niliomba awe na chumvi ya kutapisha. Nikakata kipande, nikatia mdomoni, na macho yangu yakajaa machozi, kwa sababu alikuwa mtamu. Ngozi imekauka, ndani laini, vitunguu vimekaangwa mpaka vimekuwa kama asali, na limau limeguswa tu. Mimi napika, na nimesifiwa kwa kupika, lakini sijawahi kupika hivi. Sasa nikaelewa kwa nini wali wangu ulikuwa unarudi jikoni ulivyokwenda. Wivu ulinishika kooni pamoja na samaki, na vyote viwili vikashuka.

Wifi alikuwa ameinama, anakula kwa mikono miwili.

"Wifi, usile hivyo. Huyu ni samaki wa adui."

"Adui anajua kupika," akasema, mdomo umejaa. "Kwani mimi ndiye niliyeibiwa mume?"

Kucha alipopita tena nikamshika mkono. "Mwanangu, nani anapika hapa?"

"Sijui. Hatujawahi kumwona. Bosi peke yake ndiye anayeingia huko, yeye na mzee wake."

"Mzee wake yupi?"

"Yule mwenye mwanya. Anapitia nyuma. Wakishaingia wanajifungia, halafu unasikia vicheko tu. Sisi tunabaki huku tunatukanwa na wateja."

Mwanya. Mimi niliolewa kwa sababu ya mwanya ule. Alinichekea siku moja nje ya lifti iliyokwama, nikasahau nilikuwa nakwenda ghorofa ya ngapi. Sasa anamchekea mwingine mchana kweupe, na huyo mwingine anamlisha na kumwita mzee wake, na kilichonichoma zaidi ni kile kicheko. Chakula ningemsamehe. Kwangu alikuwa hacheki siku hizi.

Nikasimama.

"Wifi, si umalize samaki kwanza," akasema Wifi.

Nikaelekea kwenye kidirisha, na hapo ndipo sare zangu ziliponiponza. Yule baba aliyekuwa anapunga mkono akanidaka njiani.

"Dada! Maji jamani, tangu saa hizo!"

Nilitaka kumwambia mimi si wa hapa. Lakini mikono yangu haikungoja. Ilichukua jagi, ikamimina, ikapangusa meza. Meza ya pili wakadai uma, nikawapa. Meza ya tatu mtoto amemwaga juisi, nikafuta. Nilikuwa na hasira ya kuua, na bado nilikuwa nawauliza watu kama wanahitaji kitu kingine. Kazi ikishakuingia ndiyo hivyo.

Nikiwa nimeinama nafuta, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Hatimaye! Wewe ndiye uliyeletwa kuanza leo?"

Nikainuka. Mlango mdogo wa ofisi ulikuwa wazi, na mbele yake amesimama mwanamke mwenye gauni la kijani. Nilitarajia msichana. Msichana ningemmudu, ningemwambia atafute rika lake. Huyu alikuwa mwanamke mzima, labda amenizidi miaka michache, ametulia, hana mapambo, na uso wake ulikuwa mzuri wa kuendelea kutazamwa. Kwa mwanamke kama yule, mwanamume haendi kupoteza muda. Anakwenda kupumzika.

"Ndiye," nikamjibu.

"Mungu akubariki, nimekuona ulivyowahudumia wale. Geuka."

Nikageuka. Akanivisha aproni, akanifunga kamba kiunoni kwa mikono yake mwenyewe, akaipigapiga mgongoni ikakaa sawa. Alikuwa mpole. Nilisimama pale nikifungwa aproni na mwanamke aliyeninyang'anya mume, na sikupata hata pa kumwanzia.

"Sheria ni moja tu," akasema. "Jikoni usiingie. Simama kwenye kidirisha, taja oda, subiri sahani. Mpishi wetu hataki kuonekana. Najua inatuharibia huduma, wateja wanalalamika kila siku, lakini nilimpa neno langu."

Simu ikalia ofisini, akarudi mbio kuipokea.

Mimi nikaenda kwenye kidirisha. Nikabana pua, nikabadilisha sauti iwe ya kitoto.

"Samaki mmoja!"

Ndani kulisikika mafuta yakichemka, kijiko kikigonga sufuria. Kisha pazia likasogea kidogo na mkono ukatoka na sahani.

Kidole cha mwisho kimepinda. Mlango wa lifti ndio uliokipinda, na aliyekifunga bandeji wiki nzima ni mimi. Nilikitazama, kisha nikatazama kidole cha pete. Kilikuwa kitupu.

Nikaiacha sahani, nikadaka kifundo cha mkono.

"Nani huyo? Niachie, kuna mafuta ya moto!"

"Baba Pacha."

Ndani kitu kikaanguka sakafuni kikazunguka mpaka kikatulia.

"Mama Pacha? Umefuata nini hapa?"

"Nimefuata chakula. Pete iko wapi?"

"Niachie mkono nikufungulie mlango."

"Pete kwanza!"

"Iko mfukoni! Naivua nikikanda unga!"

Nikamwachia, nikausukuma mlango wa jikoni kabla hajaufikia. Alikuwa peke yake, amefunga kitambaa kichwani, aproni nyeupe mpaka magotini, jasho linamtiririka. Bosi nilimwacha ofisini kwenye simu, kwa hiyo nikamtafuta mpishi mwanamke nyuma ya jokofu. Nikamtafuta chini ya meza. Nikafungua hata stoo ya viazi.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Anayekupikia!"

"Hakuna anayenipikia, Mama Pacha. Ninayepika ni mimi."

Nikacheka. Mwanamume huyu nyumbani ananiuliza chumvi inakaa wapi. Nilipolazwa hospitali, yeye na watoto walikula mkate mkavu siku zote mpaka nikatoka. Nikaendelea kucheka mpaka nilipomwona amegeuka kumpindua samaki, kwa mkono mmoja, bila kutazama, huku mkono wa pili unakoroga mchuzi na goti linafunga droo.

Kicheko kikaniisha.

"Kampuni ilitupunguza," akasema bila kugeuka. "Mafundi wote wa zamani. Niliona aibu kukwambia. Nikakutana na mwenye mgahawa, akanihitaji jikoni, nikamwomba asinioneshe kwa watu. Nilijua siku moja ungesikia kutoka kwa mteja. Na kuhusu kushiba, mpishi anashiba kwa kuonja. Hakuna zaidi ya hapo."

Nilipaswa kufurahi. Hakuna mwanamke, hakuna sahani ya wizi, mume wangu anatafuta riziki kwa jasho lake. Mwanamke mwenye akili angemkumbatia pale pale. Lakini mimi wivu wangu haukuondoka, ulibadilisha tu mtu wa kumwonea. Niliwaonea wivu wale wa dirishani. Nikamwonea wivu yule baba wa maji. Niliuonea wivu mji mzima unaokula mkono wa mume wangu, na mimi niliyemzalia watoto wawili kwa mkupuo sijawahi kupewa na mkono huo hata yai la kuchemsha.

"Mimi hujawahi kunipikia," nikasema. Sauti ilinitoka ndogo kuliko nilivyotaka.

Akapunguza moto.

"Unajua kupika hivi, na hujawahi kunipikia. Kwa nini?"

"Niliapa sitashika mwiko tena."

"Ulimwapia nani?"

Mlango ukafunguliwa. Mwanamke wa gauni la kijani akaingia. "Mbona kelele? Nimesema jikoni..." Akaniona, akamwona yeye, akaona jinsi tulivyosimama.

"Ni mke wangu," akasema Baba Pacha.

Yule mwanamke akashika fremu ya mlango. "Aa," akasema. "Kumbe ndiye wewe." Kisha, kwa ule ule upole wake, "Karibu sana, mama. Nisamehe kukuvisha aproni."

Angenitukana ningejua la kufanya. Upole ule ulinimaliza.

"Mnajuana toka wapi ninyi?" nikauliza. "Fundi wa lifti na mwenye mgahawa, wanajuana wapi?"

Kabla hajajibu mtu, Wifi akatokea mlangoni na sahani ya mifupa mkononi. Nadhani alikuja kuongezewa mchuzi.

"Wifi!" akapiga kelele.

"Abee," nikaitika.

Hakuwa ananitazama mimi. Sahani ilimtoka mkononi ikapasuka, akapita mbele yangu kana kwamba mimi ni kiti, akamrukia yule mwanamke shingoni.

"Wifi yangu! Ulipotelea wapi? Wifi, nilikulilia mimi!"

"Umekuwa mkubwa hivi?" mwanamke akasema, naye analia. "Nilikuacha hujui hata kufunga kamba za viatu."

Nikamgeukia mume wangu. Hakuwa na haja ya kunieleza. Wifi hana kaka mwingine.

"Tulikuwa na kijimgahawa," akasema, anaitazama sakafu. "Mimi na yeye. Kabla sijaanza mambo ya lifti, kabla sijakujua. Alipoondoka, nikaacha kupika. Sikuweza."

Basi lile lilikuwa jibu langu. Mkono wake ulikuwa na mwenyewe tangu zamani, na mimi nilipewa uliobaki. Nilijisikia nimekula makombo miaka yote nikidhani ni karamu.

"Wewe ulijua," nikamwambia Wifi.

"Nilikuwa mdogo. Mama alisema jina lake lisitajwe nyumbani kwetu."

"Nijibu moja tu, Baba Pacha," nikasema. "Ulimwacha lini?"

Akazima jiko. Akavua kitambaa kichwani.

"Sikumwacha."

Nilidhani yule mwanamke angetabasamu. Badala yake alimsukuma Wifi taratibu pembeni, uso umembadilika.

"Unasemaje wewe?"

"Sikukuacha," akarudia, na safari hii alikuwa anamwambia yeye. "Sijawahi kutamka talaka."

"Mama yako alikuja nyumbani wewe ukiwa safarini. Alisema umeniacha, umemtuma yeye kwa kuwa umeshindwa kunitazama usoni. Nilifungasha siku ile ile."

"Mimi niliporudi, mama aliniambia umeondoka kwa hiari yako, na kwamba umeolewa kwingine."

"Sijaolewa," akasema. "Sijaolewa mpaka leo. Na tangu ufike humu jikoni sijakuuliza, na wewe hukuniuliza. Tulikuwa tunacheka tu."

Nje kule Kucha alikuwa anapiga kelele, kuku wawili, kuku wawili, na hakuna aliyemjibu. Walikuwa wanatazamana. Mume wangu machozi yalikuwa yanamshuka bila kuyafuta, mtu ambaye hakulia hata siku pacha walipozaliwa. Miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kunitazama hivyo. Nilikuwa nimesimama katikati yao kabisa, na wao walikuwa wanatazamana kama vile hapana kitu hapo katikati.

"Na mimi je?" nikauliza.

Hawakunisikia. Aliyenisikia ni Wifi peke yake, naye akainama kuokota vipande vya sahani.